Kuonya ni Tendo la Huruma

Mwezi wa Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara kuu iendayo Dodoma kutoka Morogoro, penye daraja la Dumila. Wasafiri wa pande zote mbili walikwama. Wakazi wa kando ya mito wajua kwamba maji hutoka milimani. Mvua yaweza kunyesha huko juu, hali huku chini jua lawaka na watoto wanacheza mtoni. Aliye juu ndiye aonaye kwanza. Akinyamaza, atajitetea kwamba hakumsukuma mtu majini. Lakini mbele ya Mungu atajibu kwa kunyamaza kwake, kama mlinzi yule wa nabii Ezekieli (Ez. 33).

Tulitazame neno lenyewe. Kwa Kilatini kuonya ni monere. Shina lake ni moja na lile la mens, yaani akili. Maana yake ya asili ni kumfanya mtu afikiri na kukumbuka. Humo limetoka pia monumentum, yaani ukumbusho. Na Kiswahili chetu je? Kuonya kwatokana na kuona: ni kumfanya mwenzio aone. Basi katika lugha zote mbili, ndani ya neno hili hamna tusi wala fimbo.

Ndivyo Mama Kanisa alielewavyo. Katika Misa ya Kilatini, kabla ya Baba Yetu, padre atuita moniti, watu tulioonywa kwa amri za wokovu. Ndiyo maana twathubutu kusali. Kuwaonya wakosefu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kiroho. Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1347, yakataza kumhukumu mkosaji atengwe na Kanisa kabla hajaonywa walau mara moja na kupewa muda wa kujirudi.

Enyi wazazi, tujiulize: mwana wetu aanzapo ulevi, je, twamwonya, au twangoja aanguke ili tuseme, “Tulijua”? Bwana wetu Yesu Kristu atuagiza tumwendee ndugu aliyekosa tukiwa naye peke yake (Mt. 18:15), wala si kumtangaza barazani.

Nasi tuonywapo, tusikasirike. Apigaye kelele kutoka juu ya mto ameona maji tusiyoyaona. Mwenyezi Mungu atujalie ulimi wa kuonya kwa upendo, na moyo wa kusikia kabla mto haujafika.