Bandu Bandu Huisha Gogo: Ni Nani Aliyelimaliza?

Tufundishapo methali, twawaambia wanafunzi wetu ya kuwa bandu bandu huisha gogo, nao huandika maana yake bila taabu: kitu kikubwa humalizwa kidogo kidogo. Lakini liko swali ambalo hatuwaulizi, wala sisi wenyewe hatujiulizi. Gogo likishakwisha, ni nani aliyelimaliza? Kila mtu alichonga kibanzi kimoja tu. Je, hatia ikigawanywa kwa watu wengi hupungua, au hutoweka kabisa?

Swali hili si mchezo wa maneno. Gogo lenyewe lipo, nalo ni barafu inayoelea juu ya Bahari ya Aktiki, katika ncha ya kaskazini ya dunia. Mwaka 1896 mtaalamu wa Uswidi, Svante Arrhenius, alikokotoa kwamba hewa ya ukaa ikizidi angani, dunia itapata joto. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kuipima hewa hiyo kwenye mlima Mauna Loa, huko Hawaii. Siku zile zilikuwako sehemu zipatazo 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 2024 wastani ulikuwa umepita 420. Chanzo kikubwa ni makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa na wanadamu. Barafu nayo imepungua. Septemba 2012 zilibaki kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, takriban nusu ya zile zilizokuwa zikibaki kila Septemba katika miaka ya 1980. Tena barafu nyeupe huurudisha mwanga wa jua, bali maji meusi huunywa. Ndiyo maana kuyeyuka huzaa kuyeyuka.

Mchomaji huweza kujitetea: "Moshi wangu ni tone baharini." Lakini mwaka 2016 wataalamu Dirk Notz na Julienne Stroeve walionyesha kwamba kila tani moja ya hewa ya ukaa huondoa mita za mraba zipatazo 3 za barafu ya Septemba. Hizo ni kiasi cha mkeka wa kulalia watu wawili. Basi kibanzi kimepata kipimo, na udhuru wa kale umekatika.

Wako wanaoumia. Kwa Wainuiti wa kaskazini, barafu ndiyo njia yao na ndiyo mawindo yao. Mwaka 2005 Sheila Watt-Cloutier, pamoja na wenzake 62, waliishtaki Marekani mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika. Mwaka uliofuata tume hiyo ilikataa kuyashughulikia malalamiko yao. Sheria imezoea kumtafuta mtu mmoja mwenye shoka. Mashoka yakiwa mamilioni, aliyejeruhiwa hana wa kumshika.

Hata hivyo, kusema kwamba sote tuna hatia sawa ni namna nyingine ya kumficha mwenye shoka. Mmarekani wa kawaida huhesabiwa zaidi ya tani 10 kwa mwaka, yaani zaidi ya mita za mraba 30, sakafu ya darasa dogo. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki wastani wa mtu haufiki hata tani moja. Aliyeokota kibanzi apikie watoto uji hawezi kupimwa kwa mizani moja na aliyekata gogo kwa anasa, akijua litakwisha.

Kwa maoni yetu, basi, hatia iliyogawanywa haitoweki. Kila mtu hubeba fungu lake, na fungu hilo hupimwa kwa mambo matatu: kiasi alichochukua, haja iliyomsukuma, na ujuzi aliokuwa nao alipochukua. Katika mambo mawili ya kwanza, wengi wetu tuna mzigo mwepesi. Katika la tatu hatuna udhuru, kwa kuwa sasa twajua, na kazi yetu ni kujulisha.

Ndugu walimu, tutakapoifundisha tena methali hii, tusiishie kwenye maana yake. Tuwaulize vijana ni nani aliyelimaliza gogo, kisha tuwaache wabishane. Wao ndio watakaoishi baada ya gogo kwisha, nao wana haki ya kutuuliza sisi swali lilo hilo.