Mgeni na Jembe Lake

Tulitoka Bariadi kwa Landcruiser tatu za kukodi, kwaya nzima na mahema yetu. Tukapita Lamadi, tukaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Udongo wa huko ni mweusi, kama wa mashamba yetu ya pamba: ukilowa, unameza gari. Dereva wetu alichepuka njia akikwepa dimbwi, tukazama hadi ekseli. Tulipojinasua, nyuma yetu ilibaki mitaro miwili mirefu, nyasi zimelala kifudifudi ndani yake.

Usiku simba akanguruma, hema zima likanyamaza. Nikajiuliza: dunia hii ni ya nani? Kitabu cha Mwanzo kinamweka Adamu bustanini kama mkulima na mlinzi. Hakimpi hati ya kiwanja. Sisi ni wageni wa Mungu. Nao wahenga walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Asubuhi tuliporudi pale tulipozama, mzee wetu wa kwaya alishika koleo, akaanza kufukia mitaro kimya kimya. Tukamfuata kwa sufuria na mikono mitupu. Sijawahi kuona sala iliyonyooka kama ile.