"Baba Yetu" Mbele ya Jirani

Mjini Arusha na vijijini chini ya Mlima Meru, nyumba nyingi za Wakatoliki zina jirani au mkwe aliye Mwislamu. Basi siku ya harusi au ya matanga swali hutokea: je, mwenye nyumba aongoze Baba Yetu, au aondoe neno "Baba" ili wote wapate kuitikia?

Twaijua sababu ya swali hilo. Mwislamu humwita Mungu kwa majina mazuri 99, na "Baba" halimo. Akinyamaza hapo, asidhaniwe ana dharau.

Yako maneno yanayoweza kubadilika. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 yasema "riziki" pale sisi tusemapo "mkate", na riziki yajulikana msikitini kama sokoni. Waarusha na Wamasai humwita Mungu Engai, jina ambalo katika sarufi ya Kimaa ni la kike, tena ndilo la mbingu na mvua. Hata hivyo Wakristo wao humwomba kama Baba. Lugha imekubali. Lakini "Baba" lenyewe likiondolewa, kwetu sisi sala yote yaanguka. Twasameheje wadeni wetu, kama si kwa kuwa tu watoto wa nyumba moja?

Mtu atauliza: je, sala ya Kikristo haiwezi kamwe kuwa ya wote? Yaweza, nasi twaiimba. Enoch Sontonga, mwalimu katika shule ya misioni ya Kimetodisti huko Afrika Kusini, alitunga wimbo mwaka 1897, na kiitikio chake chamwomba Roho Mtakatifu ashuke. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sauti ya wimbo huo ilikuwa ya Mungu Ibariki Afrika, na humo Roho Mtakatifu hatajwi. Padre na shehe husimama bega kwa bega wakaimba, wala hatujasikia mmoja wao akilalamika kwamba ameibiwa. Ule ulikuwa utungo wa mwanadamu, ukapewa maneno mapya na jina jipya. Baba Yetu tulipewa na Bwana mwenyewe, na Kanisa humkabidhi mkatekumeni anapokaribia ubatizo. Haifai kuipunguza, wala haifai kumlazimisha mgeni aiseme.

Kwa hiyo mbele ya sinia la pilau mwenye nyumba amshukuru Mungu kwa maneno yake mwenyewe, ambayo mkwe wake aweza kuyaitikia Amina bila kuumia moyoni. Kisha ampe naye nafasi ya kuomba dua yake, na Wakristo wanyamaze kwa heshima. Usiku, wageni wakiisha kwenda zao, awakusanye watoto waseme Baba Yetu nzima. Na mtoto akiuliza kama neno "yetu" lamhusu pia babu Mwislamu aliyeondoka jioni, ajibiwe kwamba ndiyo.