Usimwambie Mbwa Wako Ajikaze

Mwanangu, kaa kwanza. Chai ipo, na hilo unalolikimbilia halitahama. Umeniambia mbwa wako amegoma kutoka. Ukichukua kamba yake anajificha chini ya gari, yeye ambaye zamani akiisikia tu ikigonga ukuta alikuwa anaruka. Umeniambia pia kwamba umeanza kumwonea aibu. Mbwa mkubwa, mwenye afya, anafyata mkia mbele ya mbwa wa geti la jirani. Hapo ndipo nataka tuongee.

Mbwa wako hana kasoro. Ni mpole, tena ana adabu za kimbwa. Anamwendea kila mbwa kwa furaha. Wakimrukia, analala chali kuonyesha kwamba hataki ugomvi. Wakirudia, anarudia. Mwisho amejifunza kwamba nje ya geti kuna maumivu, na kwamba wewe uliyeshika kamba huyaoni. Hilo la pili ndilo zito.

Nayajua haya kwa sababu yalimpata mbwa wangu. Tulikuwa tunakaa Moshi, upande wa Shantytown, kwenye zile barabara pana zenye miti mirefu. Mbwa wangu aliitwa Simba. Alikuwa wa rangi ya kahawia, miguu mirefu, na alipenda kusalimiana kuliko kula. Jioni tulikuwa tunapita Lema Road. Kulikuwa na nyumba yenye mbwa watatu wa ulinzi, na geti lake lilikuwa halifungwi vizuri. Wakitusikia, wanatoka mbio. Mmoja anamzuia mbele, mmoja anamzunguka nyuma, wa tatu anamdonoadonoa mapajani kwa meno. Simba anajilaza. Mimi nimesimama pembeni nasema, waache wazoeane, mbwa humaliza mambo yao wenyewe. Ndivyo nilivyosikia kwa wakubwa wangu, na sikuwahi kuuliza kama ni kweli.

Hawakumaliza, mwanangu. Mbwa anayeonea, akiona hakuna anayemzuia, kesho anaanza kukimbia akiwa mbali zaidi. Anayeonewa naye kesho anaanza kuogopa mapema zaidi. Ikafika mahali Simba anatetemeka hata kona ya nyumba ile hatujaifikia. Kisha mbwa mdogo wa watu, ambaye hakuwa na kosa lolote, akaja kumnusa, na Simba akamng'ata sikio. Simba huyohuyo. Alikuwa ameomba amani kwa upole muda mrefu, na mimi niliyekuwa karibu yake kuliko wote sikumsikia. Jioni hizo za uzembe wangu zilihitaji miezi mingi kurekebishwa.

Mtoto akipigwa na wenzake njiani kwenda shule, hatumwambii ajikaze kisha tukarudi kulala. Tunamsindikiza. Mbwa naye anastahili kusindikizwa, na kumsindikiza kunaanza kwa kumsoma.

Mbwa huomba amani mapema, kabla hata ya kunguruma. Hugeuza uso pembeni. Hulamba pua ilhali hakuna chakula. Hupiga miayo na hana usingizi. Hunyanyua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani. Masikio yanalala nyuma, mkia unashuka. Yuko mama mmoja wa Norway, Turid Rugaas, mkufunzi wa mbwa, aliyetumia miaka mingi kuzitazama ishara hizi na kuziandikia kitabu. Yeye aliziita ishara za kutuliza. Ukiziona zinafuatana, usingoje kuona meno. Mbwa wako ameshakuomba umwondoe.

Usije ukachanganya mchezo na uonevu, maana kwa mtu mwenye haraka vinafanana. Mbwa wanaocheza hupokezana zamu. Aliyekuwa anakimbizwa, mara anakimbiza. Huinamisha kifua hadi chini na kuinua makalio, ndiyo namna yao ya kualikana. Husimama kidogo, wanapumua, wanaanza tena. Uonevu hauna zamu wala mapumziko. Ukiwa na shaka, mwambie mwenye mbwa amshike huyo anayekimbiza. Kama wako atarudi kumchokoza, waache wacheze. Akitumia nafasi hiyo kuondoka, ondoka naye.

Lakini usimchukie mbwa anayeonea. Tazama maisha yake. Mitaani kwetu mbwa wengi hufungwa mchana kutwa, wakafunguliwa usiku ili walinde. Dunia wanaiona kupitia upenyo wa chini ya geti. Miguu inapita, mbwa anabweka, miguu inaondoka. Yeye anaamini ameifukuza. Anafanya hivyo kila siku, na kila siku anashinda. Sasa geti likiachwa wazi, unategemea atoke kusalimia? Wamarekani wawili, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza ukuaji wa watoto wa mbwa kwa miaka mingi na mwaka 1965 wakatoa kitabu. Walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mbwa anapojifunza kwa urahisi kuwazoea mbwa wenzake na watu. Mbwa wengi wa ulinzi huzimaliza wiki hizo ndani ya banda. Hakuna aliyewafundisha salamu.

Wakiwa kundi, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kila mmoja anachochewa na mwenzake. Na ukikuta madume wa mtaa mzima wamejaa barabara moja, huenda kuna jike aliye kwenye joto. Jike huingia kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka, na huwa katika hali hiyo wiki tatu hivi. Kwa kipindi hicho pita kwingine. Kama jike ni wako, mfanyie mazoezi uani.

Sasa nikuambie la kufanya. Anza na njia na saa. Kupita kwenye geti lilelile kila siku ili mbwa azoee ni kumzoesha hofu. Mimi nilishikilia Lema Road kwa ukaidi tu, na njia nyingine zilikuwapo. Saa kumi na mbili asubuhi mbwa wengi wa ulinzi hawajafungwa, kwa hiyo ngoja kidogo, hata saa mbili. Jua likiwa kali, weka mgongo wa mkono wako juu ya lami. Ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde 7, nyayo zake nazo zitaungua.

Pili, nenda kwa jirani. Nenda bila mbwa, upige hodi, uulize hali za nyumbani kabla hujataja geti. Nilichelewa sana kufanya hivi. Nilikuwa nimemkasirikia mwenye nyumba ile, kumbe hakuwa na habari. Alikuwa anarudi kutoka kazini usiku, mbwa wake wakiwa wametulia. Alilirekebisha geti, na baadaye akakubali tuwatembeze mbwa wetu pamoja, wake mmoja na wangu. Yeye upande ule wa barabara, mimi upande huu, tunaelekea njia moja. Hatukuwakutanisha uso kwa uso. Kila tulipoona wametulia, tulisogea kidogo. Walipokuja kunusana, ilikuwa kama hawajawahi kugombana. Wale wengine wawili hatukuwahi kuwasogeza karibu, na haikuwa lazima. Mbwa wako hahitaji kuwa rafiki wa kila mbwa.

Katika mambo ya ujirani, angalia na upole wa mbwa wako mwenyewe. Wapo watu wanaomwogopa. Wapo Waislamu waliokwisha kutawadha na wanakwenda msikitini. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, mate ya mbwa yakigusa nguo au mwili huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Fupisha kamba, wapishe watu. Jirani unayemheshimu njiani ndiye atakayekumbuka kufunga geti lake kwa ajili yako.

Tatu, ukikutana na mbwa anayekuja kwa shari, simama wewe katikati. Usikimbie, na usimkazie macho. Mwavuli ukifunguliwa ghafla mbele yake humsimamisha. Ukimrushia dagaa kiganja kimoja chini, mara nyingi atainamisha pua, nawe utapata nafasi ya kuondoka taratibu. Sote tunajua kwamba ukiinama kama unaokota jiwe, mbwa wa mtaani hurudi nyuma. Lakini jiwe usilirushe. Mbwa wako naye anakutazama, hajui kesho litamwendea nani. Halafu usikaze kamba. Kamba iliyovutwa juu humnyanyua kifua na kichwa, na yule mwingine anaona wako anataka vita. Mkanda wa kifuani ni bora kuliko wa shingoni kwa mbwa mwenye hofu.

Watakuambia ukimbembeleza unamfundisha uoga. Nami niliambiwa hivyo, nikamnyima Simba hata mkono wa kumpapasa. Si kweli. Hofu haiongezeki kwa kufarijiwa. Ongea naye kwa sauti ya chini, muondoke pamoja.

Wakifikia kupigana kweli, usiingize mkono kati ya midomo yao. Wamwagie maji, au piga sufuria kwa kelele. Mkishatengana, kagua ngozi chini ya manyoya, kwa sababu jino huacha tundu dogo juu na jeraha kubwa ndani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama ana chanjo ya kichaa cha mbwa, ili aamue kama aongezewe nyingine. Na ukiumwa wewe, hata mkwaruzo tu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali uanzishiwe chanjo. Usingoje kuona kama utaugua. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa, na karibu wote wanaougua huwa wameambukizwa na mbwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, kisha chanjo hurudiwa kama daktari atakavyosema. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi mbwa huchanjwa bure karibu na siku hiyo. Mpeleke wako, na umkumbushe jirani kupeleka wake.

Kinachobaki ni subira, na najua ndiyo unayoichukia. Wewe unataka Jumamosi hii awe amepona. Hatapona Jumamosi. Tafuta mahali ambapo anaweza kumwona mbwa mwingine kwa mbali sana, mbali kiasi kwamba bado anaweza kula. Akimwona, mpe dagaa au kipande cha maini. Yule mbwa akitoweka, acha kumpa. Polepole ataanza kukugeukia mwenyewe kila anapoona mbwa, akingoja chake. Hapo ndipo unapoweza kusogea hatua moja. Akikataa kula, umesogea mno, rudi nyuma bila hasira. Siku nyingine atarudi alikoanzia, kwa sababu ya kelele moja tu ya geti. Usimgombeze. Hakusahau makusudi.

Simba alirudi kupenda matembezi, lakini hakurudi kuwa yuleyule. Hadi uzee wake alikuwa akisimama kila tulipofika kwenye kona, ananitazama kwanza usoni kabla ya kuendelea. Nilizoea kusimama naye. Natamani ningeanza kusimama naye tangu mwanzo.

Wewe hujachelewa. Kwa hiyo kesho, mwanangu, usimburute. Zima simu, jaza dagaa mfukoni, utoke naye hadi getini tu. Kaeni hapo aone barabara, umpe anachopenda, mrudi ndani. Hiyo inatosha kwa kesho. Keshokutwa mtasogea hadi kwenye mti wa kwanza, kama atataka. Na siku mbwa mwingine akimjia vibaya, akuone wewe umetangulia mbele yake.