Kiti ni cha Nani?

Tarehe 30 Novemba 2015, mahakama ya shirikisho mjini New York ilimtia Sheldon Silver hatiani kwa mashtaka yote saba. Kiti chake katika Bunge la jimbo kikawa wazi papo hapo. Wabunge wenzake hawakupiga kura kumfukuza. Sheria ya New York inatosha: afisa wa umma akitiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, utumishi wake umekoma. Alikuwa mbunge tangu 1977, na Spika kwa zaidi ya miaka 20. Alipokamatwa Januari mwaka huo aliuachia uspika, lakini ubunge akabaki nao, kwani tuhuma peke yake haimwondoi mtu.

Silver alikata rufaa. Julai 2017 hukumu ikatenguliwa, kwa sababu maelekezo waliyopewa wanajopo hayakulingana na tafsiri mpya ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu rushwa. Kesi ikasikilizwa upya, akatiwa hatiani tena Mei 2018. Katika ile miezi kumi ya kati alikuwa mshtakiwa tu, ambaye hatia yake haijathibitishwa, na kiti chake kina mwingine. Je, alidhulumiwa?

Anayejibu ndiyo ana hoja nzito. Maelfu walimchagua, raia 12 wa jopo wakaufuta uamuzi wao. Katiba ya Kenya ya 2010 inalijua jambo hili: chini ya ibara ya 99, mtu hapotezi sifa ya ubunge kwa sababu ya kifungo mpaka njia zote za rufaa ziishe. Pale ambapo kesi yaweza kutungwa ili kumnyamazisha mpinzani, kinga hiyo ni ya lazima.

Hata hivyo, naamini jibu hilo linachanganya haki mbili. Kudhaniwa huna hatia ni haki inayolinda uhuru wako, mali yako na jina lako. Kiti hakimo humo. Wasii akithibitika mbele ya kadhi kwamba amekula mali ya yatima, haachiwi funguo eti kwa kuwa amekata rufaa. Kumpokonya funguo si kumwadhibu, ni kumlinda yatima. Na Silver alishtakiwa kwa jambo la namna hiyo hasa: kuwanyima wananchi utumishi mwaminifu. Wamiliki wakubwa wa majengo walipeleka kazi zao za kodi kwa ofisi ya wakili iliyomgawia yeye ada, naye alikuwa na kauli kubwa juu ya sheria zilizowanufaisha. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ilifuta sehemu nyingine ya mashtaka, lakini hiyo ikabaki.

Lakini kama kiti ni cha wapiga kura, haki haikamiliki kwa kumwondoa aliyekikalia. Kiti cha Silver kilikaa kitupu mpaka uchaguzi mdogo wa 19 Aprili 2016, ambao wagombea wake waliteuliwa na kamati za vyama, bila kura ya mchujo. Mwaka wa fedha wa New York huanza tarehe 1 Aprili. Bajeti ikapitishwa bila wakazi wa eneo lake la uchaguzi, huko Lower Manhattan, kuwa na mjumbe wao katika Bunge hilo. Wao hawakushtakiwa kwa lolote. Sheria iliyomwondoa mbunge kwa siku moja iwape wapiga kura wake uchaguzi ndani ya wiki chache, na uteuzi wa wagombea uwe mikononi mwao.