Wigi la Rachel Carson

Juni 1963, Rachel Carson aliketi mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani kueleza madhara ya dawa za kuulia wadudu. Alikuwa amevaa wigi. Kansa ya titi ilikuwa imeshasambaa mwilini, na waliomsikiliza hawakujua.

Naona aibu kidogo kukiri kwamba nimelifikiria wigi hilo kuliko vitabu vyake. Alikuwa mwanabiolojia wa bahari, mtumishi wa serikali, hadi The Sea Around Us kilipompa Tuzo ya Taifa ya Vitabu mwaka 1952 na fedha za kutosha kuacha kazi. Miaka kumi baadaye akatoa Silent Spring, akaonyesha jinsi sumu kama DDT inavyotoka majini ikaingia kwa samaki, kisha kwa ndege wanaowala, ikizidi kujikusanya kila hatua. Humo aliandika pia kwamba kemikali hizi zinaweza kuleta kansa. Ya kwake hakuitaja.

Nilipokuwa chuoni ningesema upesi kuwa huo ni uongo. Shahidi mwenye lake jambo alitaje. Tena yeye mwenyewe alifichwa: daktari aliyempasua mwaka 1960 hakumwambia kuwa ni kansa, na ukweli akaupata miezi kadhaa baadaye kwa daktari mwingine. Aliyeonja kufichwa, anafichaje?

Lakini wapinzani wake walikwisha kumwita mwanamke wa jazba. Wangejua anaumwa, mjadala ungehama kutoka kwenye samaki na ndege ukaja kwenye mwili wake. Ushahidi aliouweka mezani ulikuwa wa wanasayansi wengi, na ungeweza kupimwa bila kumgusa yeye. Daktari alimnyima Carson habari za mwili wa Carson. Seneti ilinyimwa nini?

Rafiki yake Dorothy Freeman alijua. Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu mama yangu mkubwa alifundisha darasani miaka miwili akiwa na ugonjwa huohuo, sisi tuliolala naye nyumba moja tukiambiwa ni vidonda vya tumbo. Carson nimemsamehe. Mama mkubwa bado, ingawa najua naye alikuwa na watu aliowakwepa: majirani, na mwalimu mkuu ambaye angempunguzia vipindi.

Carson alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na miaka 56. Wanawake waliougua kama yeye miaka ile, nao wakiwa kimya majumbani mwao, hawakujua kuwa walikuwa na mwenzao pale mbele ya kamati.