Aibu Isiyoonekana Katika Fahali

Mtu auzapo fahali wa mbegu, naye ajua kuwa katika damu yake mna aibu isiyoonekana kwa macho, je, yampasa kumwambia mnunuzi? Au yamtosha kusema, "Mnyama ndiye huyu, mtazame mwenyewe"?

Jambo hili lilidhihiri Marekani mwaka 2008. Wafugaji wa ng'ombe wa nyama wa aina ya Angus waliona ndama wakizaliwa wafu, uti wa mgongo umepinda na miguu imekakamaa. Wataalamu wakaifuata nasaba yao, ikawafikisha kwa fahali mmoja aliyesifika mno, GAR Precision 1680, aliyezaliwa mwaka 1990, na nyuma yake kwa babu yake mzaa mama. Fahali huyo mwenyewe alikuwa mzima. Kwa ajili ya sifa zake mbegu zake zilienezwa katika makundi mengi, kisha wazao wake wakapandishwa wao kwa wao, na hapo ndipo siri ilipofichuka.

Sababu yake ni hii. Kila mnyama hurithi fungu moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye fungu moja bovu haumwi, kwani limefunikwa na lile zima. Walakini wakikutana wawili wenye kuichukua aibu hiyo, kwa hisabu katika kila ndama 4, mmoja huzaliwa na kilema, wawili huichukua kwa siri, na mmoja huwa safi. Akikutana mwenye kuichukua na aliye safi, hapana ndama mwenye kilema, lakini nusu yao huirithi siri.

Mwenye kutetea kunyamaza husema: fahali ni mzima, na mnunuzi amemwona. Hoja hii ni dhaifu. Fahali wa mbegu hanunuliwi kwa nyama yake, hununuliwa kwa uzao wake. Na wanavyuoni wa fiqhi wameeleza kuwa aibu ya bidhaa ni ile ipunguzayo thamani yake au imkoseshayo mnunuzi makusudio yake sahihi, naye ana khiyari ya kuirudisha. Basi aibu ya uzao ni aibu ya fahali. Zamani muuzaji alikuwa na udhuru wa kutojua. Leo nywele chache au damu kidogo hupimwa, na chama cha wafugaji wa Angus huandika katika daftari lake yupi aliye safi na yupi mwenye kuichukua. Akataaye kupima ili apate kusema "sikujua" amejifumba macho kwa hiari yake, na udhuru wake haukubaliki.

Lakini insafu ina pande mbili. Kumchinja kila mwenye kuichukua aibu hiyo ni kupoteza mali bila ya haja. Huyo hupandishwa kwa aliye safi, watoto wake wakapimwa. Walio safi huwekwa kwa uzazi, na waliobakia hunenepeshwa kwa nyama, kwani nyama yao haina dhara. Si kosa kuwa na mnyama mwenye aibu. Kosa ni kuificha. Asemaye kweli huenda akapungukiwa na bei siku moja, bali afichaye humwachia mwenziwe hasara ya miaka mingi katika zizi lake, nayo ni dhulma itakayoulizwa.